Mwanangu, umeniuliza kwa nini tunasali kwa kalenda

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na Tumsifu Yesu Kristo. Ujumbe wako wa sauti ulinikuta kwenye mashine ya kukoboa mahindi, sikuambulia kitu kwa kelele, nikausikiliza tena usiku mama yako akiwa pembeni. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu mtandao wa huku Songea unaujua, na jambo lenyewe si la kujibiwa kwa simu inayokatika.

Umesema wenzako wa wodini, wale walokole, walikubana wakati wa chai. Mmoja akakusomea Wagalatia 4:10, "Mnashika siku, na miezi, na nyakati, na miaka," akakuuliza inakuwaje Mkatoliki apangiwe lini ahuzunike na lini afurahi, tena asome sala kitabuni wakati Roho yupo. Ukakosa la kusema. Halafu ukaongeza la kwako, kwa sauti ya chini: ukitoka zamu ya usiku unasali Baba Yetu na moyo haupo, hasa tangu afariki yule mtoto uliyemhudumia. Unauliza kama si afadhali uache kwanza mpaka moyo urudi.

La wenzako ni jepesi. Paulo alikuwa anawagombeza Wagalatia kwa sababu walishaaminishwa kwamba imani kwa Kristo haitoshi, mpaka watahiriwe na washike Torati. Sikukuu zenyewe hakuwa na ugomvi nazo. Fungua Matendo 20:16 umwone Paulo huyohuyo anaipita Efeso na merikebu kwa kuwa anakimbilia kuwahi Pentekoste Yerusalemu. Na Warumi aliwaandikia, "Yeye aadhimishaye siku, huiadhimisha kwa Bwana." Waambie hivyo kwa upole na msibishane, chai itapoa. Isitoshe nao wana kalenda yao. Waulize tarehe 31 Desemba usiku huwa wanakesha wapi.

Kuhusu sala za kusoma, mimi jibu langu ni msalaba. Yesu pale juu, katika saa ambayo mtu angetegemea aseme ya moyoni mwake mwenyewe, alisali sala ya kitabu. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" ni Zaburi ya 22. "Mikononi mwako naiweka roho yangu" ni ya 31. Maneno ya watu waliokufa zamani, aliyoyazoea tangu utotoni, ndiyo yaliyokuwepo kinywani pumzi ilipokuwa inakata. Sasa mtu akiniambia sala ya kukariri haina uhai, namsikiliza tu.

Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakupeleka Peramiho kwa masifu ya jioni, sijui kama unakumbuka, ulikuwa unalala. Wamonaki wale wanaishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, na humo kuna agizo ambalo wengi tungeliandika kinyume. Sisi tungesema: sali kile ambacho moyo unahisi. Benedikto anasema tusimame tukiimba zaburi kwa namna ambayo moyo utapatana na sauti. Sauti inatangulia, moyo unafuata, na siku nyingine unachelewa sana. Kwa hiyo Baba Yetu yako ya saa moja asubuhi, na macho mekundu, ukiwa kwenye daladala, usiidharau.

Lakini umeuliza habari ya kalenda. Nimekuwa katekista tangu hujazaliwa na nimekaa kwenye jumuiya nyingi kuliko vikao vya ukoo. Tukiachiwa tusali kila mtu kwa maneno yake, karibu wote tunasali sala moja: nipe, niponye, niepushe. Ada ya mtoto, presha ya mama, mvua, kesi ya shamba. Ni sala halali, Bwana mwenyewe katufundisha kuomba mkate. Ila sijasikia mtu ameamka kwa hiari yake akasema leo nataka kusali juu ya kifo changu, au leo nitamshukuru Mungu kwa furaha isiyonihusu. Kalenda ndiyo inayotuburuta huko.

Chukua Majilio, yale majuma ya kuisubiri Noeli. Yanaanza Jumapili inayoangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na unajua huku kwetu huo ni wakati gani. Mashamba yameshatifuliwa, mbegu imenunuliwa kwa mkopo, kila mtu anatazama mawingu. Hapo ndipo Kanisa linasoma Isaya: "Dondokeni, enyi mbingu, toka juu, mawingu na yamwage haki." Waliotuletea liturujia hii, kwao mwezi huo ni wa baridi na giza. Mimi huwa nadhani mkulima wa Ruvuma anauelewa mstari huo kuliko wao. Huko Dar maduka yanapiga nyimbo za Krismasi tangu Novemba, kwa hiyo kusubiri kwenyewe kumekuwa kugumu. Jaribu tu kuzuia Noeli isifike mapema moyoni mwako. Kuanzia tarehe 17 Desemba mpaka 23 kuna zile antifona za jioni, yaani vibwagizo vya masifu, kila siku moja: Ee Hekima, Ee Adonai, Ee Shina la Yese, na kuendelea. Fupi sana, unaweza kuisali moja ukisubiri lifti.

Kwaresima ndiyo inayonifaa mimi kuliko zote. Wiki moja kabla ya Jumatano ya Majivu watu wanarudisha matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yale ya ukindu waliyoyachomeka nyuma ya msalaba sebuleni. Yamekauka, mengine yana utando wa buibui, mengine watoto wamesukia vikapu. Nayachoma kwenye karai nyuma ya sakristia, nayaponda kwa mchi, nayachekecha kwa chekeche ya unga mpaka yawe laini kama wanja. Yaani ile hosana tuliyoimba kwa vifijo ndiyo padre anayotupaka usoni akisema u mavumbi wewe, na mavumbini utarudi. Na huwa ni Februari au Machi, ghala zinapopungua na mahindi mapya hayajakomaa. Nyumba nyingine zinafunga bila kupangiwa na mtu. Ndiyo maana huwa nawaambia wenye kazi za mshahara: mkijinyima mlo, huo mlo upelekwe mahali, usibaki kwenye friji.

Sasa nije kwa mtoto yule. Unajua Ijumaa Kuu hakuna Misa. Tunasoma Mateso, tunabusu msalaba, tunakomunika hostia zilizowekwa tangu Alhamisi, tunaondoka kimya. Kesho yake, Jumamosi Takatifu mchana, ni siku ambayo Kanisa halina la kufanya. Altare haina kitambaa, tabernakulo, kile kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, imeachwa mlango wazi na ndani hamna kitu. Wazee wanaingia, wanaangalia, wanakaa. Wengi hawaielewi siku hiyo, wanaiona kama nafasi ya kufanya usafi na kununua mchele wa Pasaka. Kwangu mimi ndiyo siku yako, na nadhani ndiko uliko tangu yule mtoto aondoke. Mungu amekufa, na hujui kama kuna kesho. Kalenda haikulazimishi kuimba siku hiyo. Lakini pia haikwambii utoke kanisani mpaka ujisikie vizuri. Wamonaki wanaendelea na zaburi zao, wewe kaa. Ukishindwa neno, taja jina la mtoto ukomee hapo, hiyo imetosha kuwa sala.

Na usijiharakishe kufika Pasaka. Itakuja yenyewe, maana haitegemei wewe umejiandaa vipi: ni Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kuanzia tarehe 21 Machi, basi. Ndiyo sababu inahamahama, na ndiyo sababu ukitoka Mkesha usiku mkubwa mara nyingi mwezi unakumulikia njia. Babu yako alikuwa anarudi kwa mguu kilomita nyingi na hakuhitaji tochi. Utakapokuwa umesimama pale gizani na mshumaa wako, utasikia Mbiu ya Pasaka inaimbwa na mtu mwingine. Ukishindwa kuitikia Aleluya, wataitikia wenzako, na itahesabiwa ni yako. Hicho ndicho ninachokipenda katika kusali na Kanisa zima: zamu ya furaha inaweza kushikwa na mwingine ukiwa huna.

Nina lalamiko moja na sisi wenyewe. Kufunga siku 40 tunajua sana, Njia ya Msalaba ya Ijumaa watu wanajaa mpaka nje. Kufurahi siku 50 mpaka Pentekoste hatujui kabisa; Jumatatu ya Pasaka ikishapita kila mtu karudi kwenye manung'uniko. Mwaka ujao tusali wote Malkia wa Mbingu, ile sala ya Pasaka kwa Bikira Maria, mahali pa Malaika wa Bwana ya siku nyingine, mimi huku na wewe huko, saa sita mchana, siku zote 50.

Kipindi cha Kawaida hiki tulichomo sikisemi sana. Ni kirefu, padre anavaa kijani huku nje majani yote ni kahawia na vumbi limejaa kwenye maua ya altare. Tunasoma Injili kwa mfululizo, mfano baada ya mfano, mgonjwa baada ya mgonjwa. Muuguzi asome hao wagonjwa taratibu.

Novemba tutafyeka makaburi kama kawaida kabla ya tarehe 2, siku ya marehemu wote. Nitumie jina la ubatizo la yule mtoto kama unalijua, nilitie kwenye orodha ya marehemu inayosomwa parokiani. Kama hakubatizwa, tuma jina lake tu.

Mama yako anasema umepungua kwenye picha ile, anauliza kama mnapikiwa huko au mnakula chipsi. Ametenga debe la unga wa dona na maharage. Kijana wa jirani anasafiri na basi la Alhamisi, nitampa namba yako. Nimeweka humo na kalenda ya liturujia. Angalia zamu zako za Desemba, zungushia Jumapili utakazokuwa huru.

Baba yako