Ada imeondoka, lugha ya mtihani imebaki

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmewauliza wasomaji kama elimu bila ada imeziba pengo kati ya mtoto wa maskini na mtoto wa mwenye uwezo. Jibu langu ni kwamba ada ilipoondolewa, pengo lilihama. Zamani lilikuwa pale getini, ambako mwanafunzi alirudishwa nyumbani kwa sababu mzazi wake hakuwa na shilingi 20,000 za ada ya mwaka. Sasa limeingia darasani, na humo ni vigumu zaidi kuliona, kwa sababu watoto wote wamevaa sare moja na wamekalia madawati yaleyale.

Ninafundisha biolojia katika shule ya kata mkoani Lindi, nami ni miongoni mwa walioshangilia Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioondoa ada hadi kidato cha nne. Ulipoanza kutekelezwa Januari 2016 tulipokea watoto ambao, kwa hali za nyumbani kwao, wasingefika kidato cha kwanza hata kama wangefaulu darasa la saba. Ada ya kidato cha tano na cha sita ilipofutwa mwaka 2022, nilifurahi tena. Kwa hiyo siibezi hatua ile hata kidogo. (Suala la michango inayoendelea kuwaelemea wazazi linahitaji barua yake peke yake.)

Ninalotaka kulisema ni la lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husomeshwa kwa Kiswahili miaka yote saba, Kiingereza kikiwa somo moja tu, tena mara nyingi mbele ya mwalimu ambaye naye hakukipata vizuri alipokuwa mwanafunzi. Akifika sekondari huzoezwa Kiingereza kwa wiki chache, kisha karibu masomo yote yanageuka. Mwenzake aliyesomeshwa katika shule ya mchepuo wa Kiingereza, ambayo mzazi wake aliilipia, alianza kuisikia lugha hiyo tangu chekechea. Miaka minne baadaye wote wawili wanawekewa mbele yao karatasi moja ya mtihani, na matokeo yakitoka tunasema huyu ana akili na yule hana.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikifundisha osmosisi, yaani jinsi maji yanavyopenya utando wa seli kuelekea upande wenye chumvi au sukari nyingi, na nilipomaliza kueleza kwa Kiingereza darasa zima liliitikia kwamba limeelewa, kama darasa linavyoitikia siku zote. Nikauliza kwa Kiswahili kwa nini ng'onda haozi. Binti mmoja wa nyuma, ambaye tangu muhula uanze hakuwa amefungua kinywa, akasimama akaeleza kwamba bibi yake hupasua samaki, humtia chumvi na kumwanika, na kwamba chumvi ile huyavuta maji ya ndani ya nyama yatoke nje, hata yule mdudu mdogo anayesababisha uozo, akimwingia samaki, naye hunyonywa maji yake akafa. Sikuwa nimemfundisha hilo la mdudu. Alilifikia mwenyewe kwa kuunganisha aliyoyaona ufukweni na niliyoyachora ubaoni. Katika mtihani wa muhula, swali la osmosisi alilijibu kwa sentensi moja ya daftarini aliyoikariri vibaya, nami nikampa sifuri kwa sababu mwongozo wa kusahihisha haukuniachia nafasi ya kumpa kingine. Bado naiona ile sifuri.

Watu wa mjini husema kwamba watoto wa shule za kata wanafeli kwa kukosa walimu, maabara na vitabu. Ni kweli, na matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mara ya kwanza Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakiwa wameangukia daraja sifuri, sababu hizo zote zilitajwa kwa haki. Lakini maabara ikijengwa leo, yule binti ataingia humo akiwa bado hana lugha ya kuuliza swali, na vitabu vikiletwa vitamfikia vikiwa vimeandikwa kwa maneno ambayo lazima kwanza ayatafute kwenye kamusi, neno kwa neno, hadi wazo lenyewe limpotee.

Jambo hili si geni kwa wakubwa wetu. Tume ya Makweta, iliyoundwa na rais kuitazama elimu ya nchi na kutoa taarifa yake mwaka 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985, na pendekezo hilo likakataliwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikiruhusu Kiswahili katika ngazi zote, tukangoja; toleo la mwaka 2023 la sera hiyohiyo limekirudisha Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Anayesema kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi akumbuke kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, kabla wanafunzi ninaowafundisha sasa hawajazaliwa.

Hata hivyo sitaki kuurudia mjadala mzima wa lugha ya kufundishia, kwa maana tumeujadili miaka arobaini na mtoto bado yuko palepale. Nataka wasomaji watazame jambo moja ambalo naona halisemwi. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, unaofanywa kila Septemba, Baraza la Mitihani huutunga kwa lugha mbili: mtoto wa shule ya serikali hupewa hisabati na sayansi kwa Kiswahili, na mtoto wa shule ya mchepuo wa Kiingereza hupewa masomo hayohayo kwa Kiingereza. Hakuna anayelalamika kwamba jambo hilo linashusha hadhi ya mtihani, wala hakuna anayesema ni gharama isiyobebeka. Taifa limekubali kwamba si haki kumpima mtoto hisabati kwa lugha ambayo hakufundishiwa vizuri. Ila kukubali huko kunaishia darasa la saba, pale ambapo anayefaidika nako ni mtoto wa mzazi aliyelipa. Ikifika zamu ya mtoto wa mvuvi kuhitaji hisani ileile katika kidato cha pili na cha nne, tunamwambia kwamba dunia ya leo inataka Kiingereza.

Wazazi wa hapa kwetu nao hunijibu hivyo, nami siwezi kuwapuuza, kwa sababu wao wanajua vizuri kuliko mimi kwamba kazi za ofisini na za hotelini huombwa kwa Kiingereza, na wanaogopa watoto wao wasije wakafungiwa Kiswahili huku watoto wa matajiri wakiendelea na Kiingereza chao. Hofu hiyo ni ya haki. Lakini ninawauliza: baada ya miaka minne ya kusoma kila kitu kwa Kiingereza, mwanao anakizungumza? Karibu wote hunyamaza. Mtoto huyo anamaliza akiwa hana biolojia na hana Kiingereza. Kiingereza kifundishwe kama somo, na mwalimu anayekijua, kwa vipindi vingi zaidi ya hivi vya sasa, lakini kisiwe chujio la kumchuja mtoto anayejibu swali la fizikia.

Kwa hiyo ninachokiomba si mageuzi ya sera nzima. Karatasi za masomo ya sayansi za kidato cha pili, na baadaye za kidato cha nne, zichapwe kwa lugha zote mbili, swali la Kiswahili chini ya swali la Kiingereza, na mtahiniwa aruhusiwe kujibu kwa lugha anayoiweza, katika shule zote, za kulipia na za kata, ili cheti kiwe kimoja na asiwepo wa kuulizwa alijibu kwa lugha gani. Upimaji wa kidato cha pili unafaa kuwa mwanzo, kwa kuwa mwanafunzi anayeshindwa hapo hurudia darasa, na kila mwaka nawaona wakikariri upya, kwa lugha ileile, mambo ambayo kwa Kiswahili wangeweza kunieleza wamesimama.