Maswali ya Wasomaji: "Kila mteja ananiuliza nimeshafanya kazi na nani"

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 26, nimemaliza kozi mbili za masoko ya mtandaoni na ya tatu nipo katikati, nataka nianze kama frilansa ila nimekwama palepale mlangoni, maana kila ninayemtumia meseji anauliza kitu kimoja tu, umeshafanya kazi na nani, na jibu sina. Kwenye profaili yangu nimeandika nafanya SEO (kuifanya websaiti itokee juu mtu akitafuta kwenye Google), matangazo ya Facebook na Instagram, matangazo ya Google, email, kontenti, logo na websaiti, yaani nimeweka kila kitu ili nisikose, lakini mwezi wa 4 huu hamna hata mmoja aliyeniajiri. Rafiki yangu ananiambia niseme nimewahi kufanya na kampuni fulani, eti wote ndo wanavyoanza. Nifanye hivyo? Au nifanye bure kwanza? Naomba unijibu maana nyumbani wameanza kuniuliza hii kazi yangu ni ipi hasa. – Niliyekwama mlangoni

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na hapo mwisho pamenigusa, najua inavyokuwa ukiamka asubuhi unakaa kwenye laptop na waliokuzunguka hawaoni unachofanya.

Nianze na hilo la kudanganya. Usifanye. Uongo ni uongo, lakini hata ukiliacha hilo pembeni, kazi yenyewe itakuumbua, tena mapema. Mteja anayejua pesa yake atakuuliza hiyo kampeni bajeti ilikuwa kiasi gani, mlilenga watu gani, kumpata mnunuzi mmoja kuligharimu ngapi, na aliyefanya kweli anajibu hapohapo maana zile namba alilala nazo, ambaye hakufanya anaanza kuzunguka. Mtu akishakukamata hapo harudi tena, na wenzake atawaambia.

Sasa sikiliza hilo swali lao vizuri. Anauliza umefanya na nani, ila kinachomkosesha amani ni kwamba nikimpa huyu pesa zangu, zitarudi? Hana njia nyingine ya kujua ndo maana anauliza majina. Kwa hiyo unachokosa wewe ni ushahidi, na ushahidi unaweza kuutengeneza wewe mwenyewe bila kuajiriwa na mtu.

Kabla ya hapo lakini futa ile orodha. Nimeona profaili nyingi za namna hiyo na kila mara naona hofu, mwenye nayo anaogopa kukosa kwa hiyo anashika vyote, halafu mteja akisoma vitu saba anaona hamna hata kimoja unachokijua kwa ndani. Chagua kimoja. Ukiniuliza kipi, SEO ya websaiti nzima mimi nisingeanza nayo, si kwamba ni mbaya, ila matokeo yake yanachukua miezi na wewe unahitaji kitu cha kuonyesha karibuni. Ningeanza na Google Business Profile, ile profaili ya biashara inayotokea mtu akitafuta huduma kwenye Google au kwenye Ramani (zamani ilikuwa inaitwa Google My Business, jina lilibadilika 2021, kwa hiyo video nyingi bado zina jina la zamani). Ni bure kabisa. Anayetafuta fundi kule ameshaamua anahitaji fundi, anachotafuta ni yupi. Na namba zinaonekana wazi: wangapi wamebonyeza kupiga simu, wangapi wameomba kuelekezwa njia, wangapi wameingia kwenye websaiti. Mwenye biashara yeyote anazielewa namba hizo bila wewe kumfundisha neno lolote la kitaalamu.

Halafu mtafute mtu mmoja unayemjua mwenye biashara ndogo. Tuseme shangazi yako anashona nguo. Muombe akuongeze kama meneja wa profaili yake, mmiliki abaki yeye, umwambie utaishughulikia kwa wiki 6 bila malipo na mwisho wake utamwonyesha kilichobadilika. Hapa ndo watu wengi wanapoharibu: wanaanza kazi kabla hawajaandika hali ilivyokuwa. Siku ya kwanza, kabla hujagusa chochote, piga skrinshoti ya kila namba, andika tarehe. Bila hiyo hata ukifanya maajabu huna cha kulinganisha. Ndipo urekebishe, aina ya biashara iwe sahihi, saa za kufungua ziwe za kweli, weka picha halisi za kazi zake na siyo za kuokota mtandaoni, andika huduma zake kwa maneno ambayo wateja wenyewe wanayatumia wakitafuta, na umkumbushe awaombe wateja wake wa kweli waandike maoni. Maoni ya kununua au ya kutengeneza usithubutu, Google wanakataza, wakigundua wanayafuta na profaili ya shangazi inaweza kuwekewa vizuizi, na hapo umeumiza riziki ya mtu.

Wiki 6 zikiisha andika ukurasa mmoja, usizidi. Hali ilikuwaje, ulifanya nini, namba zimetoka wapi zikafika wapi, na nini hakikufanya kazi. Hicho cha mwisho usikifiche, mimi nikisoma ripoti isiyo na kitu kilichoshindikana naanza kuitilia shaka yote. Hata kama simu zimetoka 9 kwa mwezi zikawa 14 iandike hivyohivyo, ni ndogo lakini ni ya kweli, na ukiulizwa zilipatikanaje unajibu usiku na mchana.

Ndo jibu la swali lako la kufanya bure. Ndiyo, mara moja, kazi yenye mwisho, mkiwa mmekubaliana kwa maandishi unafanya nini, kwa muda gani, na kwamba una ruhusa ya kutumia zile namba na maneno yake mawili matatu kuhusu kazi yako. Ya pili ulipwe hata kidogo. Bure isiyo na tarehe ya mwisho inakula mwaka wako mzima na yule mtu anazoea.

Kuhusu kozi, tatu zinatosha kwa sasa. Cheti cha Google Ads, yaani matangazo ya Google, kinachotolewa Skillshop, tovuti ya mafunzo ya Google, ni bure, unatakiwa upate asilimia 80 na kinadumu mwaka mmoja, kichukue kikusaidie kujua lugha ya kazi ila usitegemee kitakuletea mteja. Angalia pia tarehe ya masomo unayoangalia, maana Google Analytics ya zamani, ile ya kuhesabu wanaoingia kwenye websaiti na wanachofanya humo, iliacha kupokea data mpya 1 Julai 2023 likabaki toleo jipya, GA4, na kuna watu bado wanakariri menyu ambazo hazipo. Google wana akaunti ya mfano ya Analytics yenye data za duka lao halisi, ingia humo ujifunze kusoma namba. Na ukitaka kuona wenzako wanatangazaje, Maktaba ya Matangazo ya Meta, wenye Facebook na Instagram, iko wazi kwa kila mtu, tafuta biashara yoyote uone matangazo inayorusha sasa hivi, mimi lile linalorushwa muda mrefu ndo naliangalia kwa makini zaidi kwa sababu ni nadra mtu kuendelea kulipia kisichomletea kitu.

Meseji zako za kuomba kazi nazo zibadilishe. Usianze na "mimi ni mtaalamu wa". Anza na kitu ulichokiona kwake, kwa mfano: "Habari za kazi, nimetafuta huduma yenu kwenye Google nikaona profaili yenu inaonyesha mmefunga Jumamosi wakati peji yenu inasema mnafungua, huenda mnapoteza wateja wa siku hiyo. Kurekebisha mnaenda hivi na hivi. Kama mtapenda nizipitie na sehemu nyingine niambieni." Umemsaidia kabla hujaomba kitu. Tuma tano kwa siku, kila moja umeiandikia mtu wake, achana na kutuma mia zinazofanana. Wengi hawatajibu na isikuvunje moyo.

SWALI: Dada habari, nimepata mteja wangu wa kwanza wa matangazo ya Facebook, ananiambia nilipie matangazo kwa kadi yangu halafu atanirudishia mwisho wa mwezi pamoja na malipo yangu, na amenitumia paswedi ya akaunti yake. Pia anataka nimhakikishie mauzo 50. Nikubali? Naogopa kumpoteza.

JIBU: Hongera kwa mteja, ila hapo yote matatu yanahitaji kurekebishwa kabla hujabonyeza kitu. Pesa ya matangazo itoke kwenye kadi yake, ndani ya akaunti yake ya matangazo, na malipo yako ni kitu kingine kabisa, nusu yake uipokee kabla ya kuanza. Asipolipa mwisho wa mwezi, deni la Meta litabaki kwenye kadi yako wewe. Paswedi mwambie aibadilishe leo, halafu akuongeze kupitia mipangilio ya biashara ya Meta, unapata unachohitaji na siku mkiachana anakuondoa bila ugomvi. Mauzo 50 usiahidi maana bei, bidhaa na namna anavyojibu meseji viko mikononi mwake, unachoweza kumwahidi ni kazi yenyewe: matangazo mangapi utayajaribu, ripoti kila Ijumaa, na kumwambia mapema kama pesa inapotea. Mwandikie hivi kwa upole leo jioni, na akigoma kabisa kutumia kadi yake, muache aende.