Rutles hawakubadilisha maneno tu

Ndugu, umeuliza kama Rutles, bendi ya mzaha iliyobuniwa kuwaiga Beatles, walichukua nyimbo za Beatles na kubadilisha maneno tu. La, na hapo ndipo ulipo ustadi wa Neil Innes, mtunzi wa nyimbo za Rutles: kwa ajili ya filamu ya mwaka 1978 aliyoshirikiana na mchekeshaji Eric Idle, alitunga nyimbo mpya kabisa akitegemea, kama alivyoeleza mwenyewe, kumbukumbu yake ya jinsi Beatles walivyosikika, bila kurudi kwenye santuri zao. Sikiliza "Ouch!" ya Rutles mara baada ya "Help!" ya Beatles, nawe utakuta mlio uleule wa ghafla mwanzoni pamoja na sauti za waitikiaji, ilhali mahadhi ni mengine. George Harrison mwenyewe, mmoja wa Beatles, aliigiza katika filamu hiyo kama mtangazaji mwenye mvi, na kwangu huo ni ushahidi tosha kwamba mzaha ule ulitokana na mapenzi, si dharau. Hata hivyo, kampuni iliyomiliki haki za nyimbo za Beatles ilidai mapato ya nyimbo za Rutles, naye Innes akalazimika kuachia sehemu kubwa, jambo ambalo naona halikuwa haki hata kidogo kwa mtunzi wa kiwango chake.