Nimekariri solo nne, nikipewa zamu naganda

SWALI: Shikamoo mzee. Huu ni mwaka wa tatu napiga besi kwenye kwaya hapa Dodoma, na kila Jumamosi tunakutana vijana watano kujifunza jazi. Besi ya kutembea, noti moja kwa kila pigo, naimudu. Nilinunua kitabu cha solo za mazoezi zilizotungwa kwa ajili ya besi, na nne nimeshazikariri noti kwa noti. Lakini wenzangu wakiniachia zamu ya solo, mikono inaganda. Mpiga kinanda wetu anasema nikitupe kitabu, eti jazi haisomwi. Nifanyeje?
Kijana wa nyuzi nne, Dodoma

JIBU: Marahaba. Kitabu usikitupe, ingawa mwenzako naye hajakosea sana.

Hayo yalinikuta. Nilikuwa napiga kwenye hoteli moja Dar es Salaam, nikajaza kichwani solo ya bluzi ya mizunguko miwili, baa 24 kamili (baa ni kipande cha mapigo manne). Siku ya siku nikaimwaga, makofi yakalia, kiongozi wa bendi akafurahi na kuninyooshea kidole kimoja: ongeza mzunguko! Sikuwa na cha kuongeza. Nikarudi mwanzo, solo ileile, na mpiga dramu akawa ananiitikia hata kabla sijafika, maana alishaijua. Chakula cha bendi usiku ule hakikupita kooni.

Nilikuwa nimekariri vidole. Kwa nini mtunzi aliweka noti ile pale, sikuwahi kujiuliza.

Wewe ni mtu wa kwaya, solfa unaijua, kwa hiyo shika mfano huu. Kodi tatu (noti zinazolia pamoja, si zile za TRA): D maina saba, G saba, C meja, baa moja moja. Do ikiwa C, piga noti nne kwa baa: re fa la do, ti la so fa, halafu tua kwenye mi. Re ichukue uzi wa A, freti (kigawanyo cha shingoni) ya 5. Do utaikuta uzi wa G, freti ya 5, na ti iko freti moja tu nyuma yake. Hapohapo kodi imebadilika. Fa kwenda mi nayo ni freti moja, uzi wa D, kutoka ya 3 kwenda ya 2. Vihatua hivyo viwili ndivyo vinavyomjulisha msikilizaji kwamba tumehama, hata kinanda kikinyamaza. Na mara nyingi besi ikienda kwenye solo kinanda hupungua, unabaki wewe na dramu, nyumba haina msingi.

Sasa iharibu. Pumzika pigo la kwanza, ingia na fa la do, baa ya pili piga ti re so fa, tua mi. Maneno mengine, milango ileile: do kwenda ti, fa kwenda mi. Iimbe kwanza, ukishindwa kuiimba usiipige.

Kisha fungua solo moja kitabuni. Zungushia penseli noti ya mwisho ya kila baa na ya kwanza ya baa inayofuata. Utamwona mtunzi akiucheza mchezo huuhuu, au akiukwepa kwa makusudi. Baada ya hapo funika baa ya 3 na ya 4, uzijaze mwenyewe. Wiki inayofuata funika nne. Solo moja kwa mwezi inatosha kabisa. Hizo nne zako ni pupa.

Na uzi wa E uuonee huruma: huko chini noti za haraka hugeuka ngurumo. Msikilize mpiga besi Jimmy Blanton, aliyeingia bendi ya mpiga piano Duke Ellington mwaka 1939 na kufariki 1942 akiwa na miaka 23. Zipo rekodi zao za 1940, besi na piano tu, na kila noti ya besi unaisikia. Halafu "So What" ya mpiga tarumbeta Miles Davis, ya 1959: Paul Chambers anaita kwa besi, wenzake wanaitikia kwa kodi mbili. Mwanakwaya hahitaji kufundishwa kuita na kuitikia.

Jumamosi mwambie huyo mpiga kinanda akae mizunguko miwili bila kugusa kitu, akuhesabie tu. Ukipotea, itafute ti.