Mwanza hadi Bukoba ni dakika arobaini tu, lakini usizipangie msiba

Nilipopigiwa simu kwamba shangazi amefariki, nilikimbilia ramani. Kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza hadi wa Bukoba, ukikata moja kwa moja juu ya Ziwa Victoria, ni kama kilomita 175. Kwa barabara, kupitia Geita, Biharamulo na Muleba, zinapita 400. Mazishi yalikuwa saa tisa alasiri, upande wa Muleba. Nikakata tiketi ya asubuhi ya siku hiyohiyo.

Tuliruka vizuri. Tulipoanza kushuka, dirishani hapakuonekana ziwa wala migomba, ni weupe mtupu na matone yanayokimbia kwenye kioo. Rubani alizunguka mara mbili, kisha akatutangazia kwamba Bukoba mvua ni kubwa, tunarudi Mwanza. Saa nane mchana nilikuwa bado kwenye benchi la uwanjani, binamu yangu akapiga: "Kaka, mwili unatoka ndani sasa. Tukusubiri?" Nikamwambia wasisubiri.

Rubani simlaumu hata kidogo. Novemba 6, 2022, ndege ya abiria ilianguka ziwani, karibu kabisa na uwanja ule, hali ya hewa ikiwa mbaya, na watu 19 wakapoteza maisha. Rubani akisema tunarudi, mshukuru.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu zangu. Ndege za pangaboi za njia hii hukimbia kama kilomita 500 kwa saa, kwa hiyo ukigawanya unapata dakika ishirini na kitu. Lakini kwenye safari fupi hivi ndege haijamaliza kupanda inaanza kushuka, na bado ijipange kuelekea njia ya kutua. Ndiyo maana inachukua kama dakika 40. Ongeza kilomita kumi hivi za kutoka mjini Mwanza hadi uwanjani, saa moja na nusu ya kukaguliwa na kusubiri, halafu gari la kutoka Bukoba hadi kijijini. Nusu siku imekwisha, hata kama anga halina wingu.

Na ziwa lina tabia yake. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, pepo za pande zote zinakutana juu ya ziwa, na hewa yenye unyevu inapanda na kuzaa mvua za radi. Upepo wa mashariki unazisukuma mvua hizo kuelekea magharibi, yaani Bukoba. Wakazi wa kule wanajua mvua ya alfajiri ilivyo.

Kwa hiyo, kama una mazishi, harusi au usaili wa kazi, ondoka jana yake, tena usichukue ndege ya mwisho ya siku. Tiketi ikiandika 13:15, waambie wanaokupokea saa saba na robo mchana. Na usidharau basi: tangu daraja la Kigongo–Busisi, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Geita, lifunguliwe Juni 2025, foleni ya kivuko haipo tena. Basi linachelewa, ila halirudi lilikotoka kwa sababu ya wingu.

Nilifika kesho yake. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, na mama alinishika mkono bila kuniuliza kitu. Arobaini ya shangazi nilikwenda siku mbili kabla.