Shule yetu haina mwalimu hata mmoja wa hapa kwetu. Tufanyeje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwenyekiti wa kamati ya shule ya msingi wilayani Chemba, upande wa Kwa Mtoro. Tuna walimu tisa. Wanajituma na sina lawama nao, lakini hakuna hata mmoja aliyezaliwa huku na hakuna anayejua Kisandawe, lugha ya huku. Watoto wengi wanaoanza darasa la awali wanatoka nyumbani bila Kiswahili, wanakaa wiki nyingi kimya, na wengine wanaacha kuja. Kwenye kikao cha wazazi mzee mmoja alitaka tuandike barua halmashauri tuletewe walimu Wasandawe. Wengine wakasema huo ni ukabila. Kijana wangu aliye chuo kikuu ananiambia Marekani wana mipango kabisa ya kuongeza walimu weusi na wa jamii nyingine ndogo kwenye shule za serikali. Wao walifanyaje? Inasaidia kweli? Na sisi tunaweza kuomba hivyo bila kuvunja sheria?

JIBU: Marahaba, mwenyekiti, na poleni na majukumu.

Nianze na la mwisho, maana ndilo linaloweza kuwaingiza matatani. Barua ya kuomba mwalimu wa kabila fulani msiiandike. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumbagua mtu kwa kabila au mahali alipotoka, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri jambo hilo hilo. Afisa akiipokea barua ya namna hiyo ataiweka pembeni, na atakuwa sahihi. Lakini yule mzee msimnyamazishe. Amegusa jambo la kweli, ila amelitaja kwa jina lisilo lake. Mtoto wa miaka mitano hasaidiwi na kabila la mwalimu. Anasaidiwa na mtu anayemwelewa anapofungua mdomo, na inamfaa sana akiona kwamba mtu wa nyumbani kwao naye anaweza kushika chaki.

Hili nililijua darasani kabla sijalisoma kitabuni. Mimi ni mtu wa Bukoba. Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule ya kijiji katika nchi ya Wagogo, zaidi ya miaka ishirini iliyopita, nikapewa darasa la kwanza. Ukutani nilibandika chati ya herufi niliyoichora mwenyewe usiku kwa taa ya chemli. Herufi n, chini yake picha ya nazi, kubwa, ya kahawia, yenye manyoya. Nikamwinua mtoto mmoja: hiki ni nini? Akajibu neno moja la Kigogo, kwa sauti, akitabasamu. Nikasema hapana, ni nazi, semeni wote, nazi. Akakaa. Siku iliyofuata nilimwita tena akainama, na wiki nzima hakusema kitu. Mama aliyekuwa akituletea maji ya shule alikuwa amesimama mlangoni na ndoo yake siku ile. Aliniambia baadaye, kwa upole, "Mwalimu, yule mtoto alikujibu. Alisema buyu."

Nikaitazama picha upya. Duara la kahawia, lenye manyoya mafupi. Mtoto wa Dodoma ambaye hajawahi kuona nazi, lakini kila siku anapita chini ya mibuyu, aseme nini kingine? Alikuwa amejibu sawasawa kwa macho yake, nami nikamwambia amekosea mbele ya wenzake. Kesho yake nilikuja na buyu lenyewe, nikalipasua mezani, tukahesabia mbegu zake hadi kumi, kisha watoto wakamumunya ubuyu. Yule mtoto alihesabu. Lakini ilinibidi niambiwe, na aliyeniambia hakuwa kwenye orodha ya watumishi wa shule.

Sasa Marekani. Kijana wako hakukosea, ila historia yao ni ya rangi na ina uchungu wake, isichukuliwe kama ilivyo na kubandikwa Chemba. Mwaka wa masomo 2020–21, kati ya kila walimu 100 wa shule za serikali kule, takribani 80 walikuwa Wazungu, 9 Walatino na 6 weusi, wakati watoto Wazungu walikuwa tayari chini ya nusu ya wanafunzi. Pengo hilo lilitengenezwa na watu. Tarehe 17 Mei 1954 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya Brown, kwamba kuwatenga wanafunzi kwa rangi ni kinyume cha katiba. Ulikuwa uamuzi wa haki kabisa. Tatizo lilikuja kwenye utekelezaji: shule za weusi zikafungwa, watoto wakahamishiwa shule za Wazungu, na walimu wao wakaachwa nje. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya 1954 na 1965 walimu na wakuu wa shule weusi zaidi ya 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17 ya kusini na ya mpakani. Walikuwa watu wenye vyeti na uzoefu. Kizazi kizima cha watoto kikakua bila kuwaona.

Je, inasaidia? Ushahidi bora ninaoufahamu unatoka jimbo la Tennessee. Kati ya 1985 na 1989 kulifanyika jaribio kubwa katika shule 79, wanafunzi na walimu wakapangiwa madarasa kwa bahati nasibu. Lengo lilikuwa kupima faida ya madarasa madogo. Lakini kwa kuwa hakuna mzazi wala mwalimu mkuu aliyechagua nani akae na nani, watafiti waliweza baadaye kuzitumia takwimu zile kwa swali lako. Mwaka 2004 mtaalamu wa uchumi Thomas Dee alionyesha kwamba mtoto aliyekaa mwaka mmoja na mwalimu wa rangi yake alipanda nafasi tatu hadi nne kati ya kila watoto 100 wakipangwa kwa alama, kwa hisabati na kwa kusoma, awe mweusi au Mzungu. Watafiti wengine wakawafuatilia watoto weusi wa jaribio hilo hilo hadi utu uzima, wakakuta waliowahi kuwa na mwalimu mweusi hata mmoja katika madarasa ya chini walimaliza sekondari na kujiunga na vyuo zaidi ya wenzao wa shule hiyo hiyo. Mwalimu mmoja tu, mapema. Huo ni wastani, wala hausemi kwamba mwalimu wa rangi nyingine hafai. Bado ni jambo zito.

Kuhusu walichofanya, sheria yao nayo inawabana. Mwaka 1986 Mahakama ya Juu ilibatilisha mpango wa wilaya moja ya shule huko Jackson, Michigan, uliokuwa ukiwapunguza kazi walimu Wazungu wenye muda mrefu ili kuwabakiza wa jamii ndogo. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika njiani, kabla ya mtu kufika kwenye usaili. Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina, kilianzisha mwaka 2000 mpango uitwao Call Me MISTER, unaowachukua hasa vijana wa kiume weusi wanaotaka kufundisha shule za msingi, wanasaidiwa ada, wanakaa pamoja na kupewa walezi. Kwingine wanawachukua wasaidizi wa darasani, watu wa mtaa ule ule wenye moyo na watoto lakini wasio na cheti, wanawasomesha hadi wanakuwa walimu kamili. Walichogundua baadaye ni kwamba kuajiri peke yake hakutoshi. Walimu hao walipangwa mara nyingi kwenye shule zenye hali ngumu kuliko zote, nao wakaondoka haraka kuliko wenzao.

Ukiyasoma hayo, mwenyekiti, usidhani ni mageni kwetu. Azimio la Musoma la 1974 lilipotaka watoto wote waingie shule ifikapo 1977, walimu hawakutosha hata kidogo. Serikali ikawachukua maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba, ikawafunza kazi huko huko vijijini, wakisoma na kufundisha kwa zamu, kwa masomo ya posta na ya redio. Ndio walioitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu ya msingi kwa wote. Jina hilo baadaye likawa la dharau, nami dharau hiyo huwa inaniumiza. Kasoro haikuwa kuwachukua vijana wa kijijini. Kasoro ilikuwa kuwapa mafunzo membamba na kisha kuwasahau. Wengi wao walibaki kwenye vijiji vyao hadi kustaafu, na leo tungelipa ghali kumpata mwalimu wa kubaki hivyo.

Wala sitaki kuutupa utaratibu wetu wa kupanga walimu mbali na kwao. Mhaya kufundisha Ugogo na Mgogo kufundisha Mtwara ni sehemu ya jinsi nchi hii ilivyoshonwa, na mimi ni uzi mmojawapo. Shule yenye walimu tisa wa kabila moja nayo ingenitia wasiwasi. Mnachohitaji ni mmoja au wawili kati ya hao tisa.

Hatua ya haraka kuliko zote ni hii. Mwombeni Afisa Elimu Kata awasaidie kujua kama ndani ya halmashauri yenu yupo mwalimu anayezungumza Kisandawe ambaye yuko kituo kingine. Mara nyingi yupo. Kumhamisha mwalimu kutoka shule moja kwenda nyingine ndani ya halmashauri ni jambo la Mkurugenzi, halingoji kibali kipya cha ajira. Ombeni ujuzi, msiombe ukoo: mwalimu wa awali au darasa la kwanza anayeweza kuwasiliana na watoto wanaoanza shule bila Kiswahili. Mnyaturu aliyekulia Kwa Mtoro akawa anakisema Kisandawe vizuri, naye anafaa kwa sifa hiyo. Msandawe aliyekulia Dodoma mjini bila lugha hiyo hana hicho mnachokitafuta.

Wakati mnasubiri, tafuteni msaidizi wa darasa la awali kutoka kijijini. Programu ya elimu ya EQUIP-Tanzania, iliyoanza 2014 na mkoa wetu wa Dodoma ukiwamo, ilifanya hivyo katika mpango wa utayari wa kuanza shule: jamii ilimchagua mtu wake, akapewa mafunzo mafupi, akawaandaa watoto kwa hadithi na michezo kwa majuma kadhaa kabla ya darasa la kwanza. Lugha ya kufundishia inabaki Kiswahili. Msaidizi ni daraja tu. Mtoto akijibu "buyu" awepo mtu wa kusema amejibu. Ila tafadhali, makubaliano yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao: nani, siku ngapi, posho kiasi gani na inatoka wapi. Nimeona akina mama wakitumika miaka miwili kwa ahadi za mdomo. Huo ni unyonyaji, hata ukifanywa kwa nia njema.

Kazi ya muda mrefu ndiyo yenye matunda, na hapo naomba mchukue daftari. Andikeni majina ya watoto wote wa kijiji waliomaliza darasa la saba kwa miaka mitano iliyopita. Mbele ya kila jina: alikwenda sekondari? Alimaliza kidato cha nne? Alifaulu vipi? Yuko wapi sasa? Mtaona wenyewe mahali njia inapokatika. Kwa shule nyingi za kanda hii nilizofuatilia inakatika kidato cha pili na cha tatu, hasa kwa wasichana wanaotembea mbali au kupanga vyumba mjini bila mlezi. Bweni moja au familia mbili za kuaminika karibu na sekondari zinaweza kuleta walimu wengi kuliko barua kumi. Wale wachache waliofaulu kidato cha nne au cha sita, waiteni na wazazi wao, wasomeeni mwongozo wa udahili wa mwaka huu maana sifa hubadilika, na waambieni kwamba Chuo cha Ualimu Bustani kiko Kondoa hapo hapo jirani, kwamba Mpwapwa kuna chuo, Kinampanda kuna chuo, na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) kipo. Wengi wanaacha kuomba kwa sababu hakuna aliyewaambia wanaweza.

Na hao tisa mlio nao, wasisahauliwe. Mimi nilibaki kwa sababu ya chumba kisichovuja na bibi mmoja aliyenifundisha kuitikia "mbukwa" kabla sijajua njia ya kwenda kisimani. Mwalimu kijana akifika kwenu, mpeni mtu wa kumfundisha salamu na maneno hamsini ya kwanza ya Kisandawe. Ile milio ya kugonga ulimi iliyomo katika lugha hiyo itamshinda mwanzoni, watoto watamcheka, na siku hiyo ndiyo watakayoanza kuongea naye.

Sasa barua. Iwe fupi. Taja ikama ya shule, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, na walimu waliopo, idadi ya watoto wa awali na darasa la kwanza, wangapi walianza bila Kiswahili, na mahudhurio ya miezi mitatu ya kwanza mwezi kwa mwezi. Mwalimu wa darasa anayo kwenye rejista. Ambatisheni muhtasari wa kikao. Ipitie kwa Mwalimu Mkuu na Afisa Elimu Kata hadi kwa Afisa Elimu wa Awali na Msingi. Msingoje Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na makisio yanaandaliwa miezi mingi kabla. Mkiandika rasimu nitumieni, nitaipitia neno kwa neno.