Kabla hujatafuta mafuta, uliza mto uliingilia wapi

Ukianza kazi ya utafutaji wa mafuta na gesi utavutwa na maumbo. Unafunguliwa picha ya mitetemo, yaani picha ya miamba ya chini ya ardhi inayotokana na mawimbi ya mtetemo, kwenye kompyuta, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye mkunjo wa tabaka uliobenuka, na kabla chai haijapoa umeshachagua pa kuchoronga. Punguza mwendo. Mafuta hukaa katika nafasi ndogo kati ya chembe za mchanga, kwa hiyo mkunjo usio na mchanga ndani yake hauna pa kuyaweka. Anza na swali jingine: ardhi ilipokuwa ikididimia hapa, mito iliyoleta mchanga iliingilia upande gani?

Chukua mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa. Sehemu zake nyingi zimekaa kama sinia lililoinamishwa: upande mmoja kuna mpasuko mkuu ambako ardhi imeshuka kilomita kadhaa, upande wa pili mteremko ni wa taratibu. Mgeni hudhani mchanga mzuri umerundikana chini ya ule ukuta mrefu. Mara nyingi sivyo. Bonde likishuka, bega lake la nje, yaani ukingo wa juu kando ya mpasuko, huinuka, na mito iliyo nyuma ya bega hugeuzwa ikaelekea mbali na ziwa. Ukutani hushuka vijito vifupi vyenye mawe, kokoto na udongo vilivyochanganyika ovyo. Mito mikubwa huingilia upande ulioinama, au mwishoni mwa bonde, au pale mpasuko mmoja unapokoma na mwingine kuanza. Mimi hapo pa mwisho ndipo ninapopatazama kwanza.

Na usibandike mto wa leo juu ya mchanga wa zamani. Katonga, kule Uganda, zamani ulitiririka kwenda magharibi. Bega la ufa lilipoinuka, mto ukageuka, na maji yaliyozuiliwa upande wa mashariki yakachangia kuzaliwa kwa Ziwa Victoria. Kwa hiyo tabaka lililotangulia kuinuka kwa bega na lile lililofuata yanaweza kuwa na asili tofauti kabisa ya mchanga, hata kama kisima ni kimoja. Tafuta kwanza umri wa kuinuka huko. Ramani ije baadaye.

Kina cha maji nacho kisikudanganye. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, Ziwa Albert halifiki hata mita 60, lakini chini ya Albert kuna kilomita kadhaa za mashapo, yaani mchanga na tope vilivyotuama. Tofauti ni mbio kati ya ardhi inayoshuka na mashapo yanayojaza. Ardhi ikishinda, ziwa huwa na kina kirefu, maji ya chini hukosa oksijeni, na mwani unaozama huhifadhiwa kwenye tope: huo ndio mwamba chanzo wa kesho, yaani mwamba ambamo mafuta huzaliwa. Mashapo yakishinda, unapata mchanga wa kuhifadhi mafuta. Bonde zuri limebadilisha mshindi mara kadhaa. Mafuta ya Albert, yaliyothibitishwa mwaka 2006, yana nta nyingi, inayoganda yakipoa, kwa sababu ya asili hiyo ya ziwani, ndiyo maana bomba la kwenda Chongoleani, Tanga, limebuniwa kuwa la kupashwa joto.

Pwani kanuni ni ileile kwa kipimo kikubwa zaidi: bara likiinuka, Rufiji na Ruvuma hupata cha kubeba, na mchanga hufika hadi bahari ya kina kirefu. Ila huko umbali kutoka ufukweni ni mkubwa, na makosa ya kukisia njia ya mchanga ni ghali mno.

Kitu kimoja wengi hukidharau: vipande vya mwamba vinavyopanda na tope la uchorongaji, yaani kimiminika kinachozungushwa kisimani wakati wa kuchoronga. Vioshe, viweke chini ya lenzi ya mkononi. Chembe zenye pembe kali pamoja na felispa (madini ya kawaida ya granaiti) ya waridi zinakuambia milima ya granaiti ilikuwa karibu. Ukiona chembe nyeusi za basalti na majivu ya volkano, jambo la kawaida mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa, kuwa na wasiwasi: huoza zikawa udongo unaoziba vinyweleo, yaani nafasi ndogo kati ya chembe, na mwamba uliokuwa mzuri kwenye picha ya mitetemo hautapitisha kitu. Andika ulichokiona palepale, na kina chake, kabla mfuko wa sampuli haujaenda stoo.